Faini, pointi, usajili au daraja: adhabu ipi ni ya haki kwa klabu iliyovunja kanuni?

Msimu wa 2021-22 Burnley ilishuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa na pointi 35. Everton ilinusurika na pointi zake 39. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Novemba 17, 2023, tume huru ikatoa hukumu: hesabu za Everton zilizoishia msimu huohuo wa 2021-22 zilionyesha hasara ya pauni milioni 124.5, wakati kanuni ya wakati huo iliruhusu milioni 105 kwa kipindi cha misimu mitatu. Everton ikapokwa pointi 10, na rufaa ya Februari 2024 ikazipunguza hadi 6.

Sasa toa 6 kwenye 39. Zinabaki 33, chini ya Burnley.

Lakini hazikutolewa kwenye 39. Zilikatwa kwenye msimu wa 2023-24, zikaongezewa nyingine 2 za kosa la pili, na bado Everton ikamaliza nafasi ya 15 kwa pointi 40. Burnley, ambayo ndiyo iliyoshuka mwaka wa kosa lenyewe, haikurudishiwa chochote. Tangu nilipopiga hesabu hiyo nimeacha kuuliza kwanza kama adhabu ni kali au nyepesi. Nauliza imemfika nani, na imefika lini.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua. Labda ni mjumbe wa kamati ya ligi ya wilaya mnaopitia kanuni kabla ya msimu, mwanachama wa klabu unayeulizwa kama uongozi ukate rufaa, au shabiki uliyechoka kubishana kijiweni bila kipimo. Adhabu ninazolinganisha ni nne: faini, kupokwa pointi, kufungiwa kusajili na kushushwa daraja.

Vipimo kabla ya adhabu

Niliwahi kuwa katibu wa timu ya ligi ya wilaya. Jumamosi moja tulishinda 2-1. Alhamisi ikaja barua kwamba wapinzani wetu wamepewa pointi tatu na mabao matatu, kwa sababu beki wetu wa kushoto alikuwa na kadi tatu za njano, na kwa kanuni hakupaswa kucheza. Daftari langu lilionyesha mbili. Ya tatu ilikuwa kwenye ripoti ya mechi ya ugenini ambayo hatukuletewa, nami sikuifuatilia. Yule kijana alikuja nyumbani jioni, bado kavaa ndala za mazoezini, leseni yake mkononi. Akaniuliza, "Katibu, mimi kosa langu ni lipi hapo?" Hakuwa na kosa. Alipangwa, akacheza.

Kutokana na swali lake nimejiwekea vipimo vinne. Cha kwanza, adhabu inamgusa nani: aliyetenda, au waliokuwa karibu naye? Cha pili, inafika lini: msimu wa kosa, au baada ya wengine kushuka na kombe kukabidhiwa? Cha tatu, aliyeumizwa anapata nini? Cha nne, kiwango chake kilifahamika kabla ya kosa, au kamati imekikadiria baadaye ikiwa imeshajua jina la mkosaji? Hicho cha nne watu hukipita haraka, na mimi nakiona kizito kuliko vyote, kwa sababu bila hicho hata adhabu nzuri inanuka upendeleo.

Faini

*Inamgusa nani.* Kwa nadharia inagusa mfuko wa mmiliki. Kwa klabu tajiri ni gharama ya kawaida tu, na kwa klabu inayoishi kwa viingilio vya mlangoni ni mishahara ya wachezaji. Shilingi ileile ina uzito tofauti.

*Inafika lini.* Haraka, na hapo faini inazishinda zote. Inaweza kutoka wiki ileile bila kugusa msimamo wa ligi.

*Aliyeumizwa anapata nini.* Hapati kitu, kwa sababu fedha inakwenda ligi. Kesi ya West Ham ya 2007 inaeleza jambo hili vizuri kuliko nyingine ninayoijua. Klabu ilimsajili Carlos Tevez mwaka 2006 kwa mikataba iliyompa mtu wa tatu sauti juu ya mchezaji, nayo ikaificha ligi. Aprili 27, 2007, zikiwa zimebaki wiki mbili msimu kwisha, tume ikaitoza pauni milioni 5.5 na kuacha pointi zake zote. Miongoni mwa sababu: klabu ina wamiliki wapya, mashabiki na wachezaji hawana hatia, na muda umekwenda mno. Kila sababu ukiisoma peke yake ni ya kibinadamu. Mei 13 Tevez akafunga bao pekee pale Old Trafford, uwanja wa Manchester United, na West Ham ikamaliza na pointi 41. Sheffield United ikafungwa na Wigan siku hiyohiyo na kushuka kwa tofauti ya mabao, ikiwa na 38. Pointi tatu tu zingebadili nani anashuka. Huruma waliyopewa mashabiki wa West Ham ililipwa na mashabiki wa Sheffield, ambao nao hawakuwa na hatia. Klabu hizo mbili zilikuja kumalizana kwa fidia mwaka 2009, baada ya Sheffield kufungua madai yake yenyewe.

*Kiwango kinafahamika?* Ni rahisi kukiandika, na ligi nyingi hufanya hivyo.

Faini inafaa kwa makosa ambayo hayakubadili matokeo: timu kuchelewa uwanjani, mashabiki kurusha chupa, au kupita mlango usio rasmi, kosa ambalo Bodi ya Ligi yetu ya Tanzania huliadhibu kwa faini. Kosa likishampa mtu bao au nafasi kwenye msimamo, faini inakuwa bei ya kununulia bao hilo.

Kupokwa pointi

Hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo adhabu inayogombaniwa zaidi na ndiyo yenye sura nyingi.

*Inamgusa nani.* Kila mtu. Novemba 26, 2023, siku tisa baada ya hukumu, Everton iliikaribisha Manchester United. Jukwaani Goodison Park maelfu walinyanyua karatasi za rangi ya waridi zenye nembo ya Ligi Kuu na neno moja la kuituhumu ligi kwamba imeoza kwa rushwa. Walionyanyua karatasi zile hawakusaini mkataba wa mchezaji hata mmoja. Uchungu wao naukubali. Lakini nakubali pia kwamba pointi 39 za 2022 zilichezwa na kikosi kilichonunuliwa kwa fedha iliyozidi kanuni, na mashabiki haohao walisherehekea kubaki. Pointi ni mali ya timu nzima, kwa raha na kwa adhabu.

Mfano unaoniuma zaidi ni Luton Town. Msimu wa 2008-09 ilianza ligi ya daraja la nne Uingereza ikiwa na hasi 30: pointi 10 kwa malipo ya mawakala yaliyofanywa na uongozi uliopita, na 20 kwa kutoka kwenye usimamizi wa kisheria, anakowekwa aliyeshindwa kulipa madeni, bila kufikia makubaliano na wadai. Wamiliki walikuwa wapya, watu waliojitokeza kuiokoa. Timu ilipata pointi 56 uwanjani, na jedwali likaandika 26. Aprili walikwenda Wembley wakabeba kombe la klabu za madaraja ya chini kwa kuifunga Scunthorpe 3-2, kisha wakashuka nje kabisa ya madaraja manne ya juu. Miaka mitano wakakaa huko. Aliyetenda alikuwa ameshaondoka.

*Inafika lini.* Hapa ndipo adhabu hii inapokuwa ya haki au inapoharibika. Nottingham Forest ilizidisha hasara kwa pauni milioni 34.5 katika hesabu za hadi msimu wa 2022-23, na Machi 18, 2024 ikapokwa pointi 4: zilikuwa 6, zikapunguzwa 2 kwa kukiri mapema na kushirikiana. Msimu mmoja tu nyuma ya kosa, si mbaya sana. Juventus ya Italia nayo, kwa kesi ya kuchezea thamani za usajili, ilipokwa pointi 15 Januari 20, 2023, ikarudishiwa Aprili 20, ikapokwa 10 Mei 22, taarifa ikitoka dakika chache kabla ya mechi na Empoli. Walifungwa 4-1. Msimamo wa Serie A, ligi kuu ya huko, ulibadilishwa mara tatu mezani ndani ya msimu mmoja. Waliokuwa wakigombea nafasi za Ulaya walicheza miezi minne bila kujua wanamfukuza nani.

*Aliyeumizwa anapata nini.* Pointi zikikatwa msimu wa kosa, jirani kwenye jedwali anapanda, na hiyo ni fidia ya kweli. Juventus ilikusanya 72 ikabaki na 62, nayo AC Milan ikachukua nafasi ya nne kwa pointi 70. Zikikatwa baadaye, anafidiwa mtu mwingine kabisa, au hafidiwi mtu. Luton hao hao walipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2023, wakashuka Mei 2024 wakiwa na pointi 26, namba ileile ya mwaka wao wa mateso. Walioshikilia nafasi juu yao ni pamoja na Forest iliyobaki na 32 baada ya kukatwa na Everton iliyobaki na 40. Klabu iliyojengwa upya kwa bajeti ya kubana ilishuka, na mbili zilizovunja kanuni ya hasara zikabaki. Sisemi tume ilikosea hesabu. Nasema anayeandika kanuni afikirie pia aliyeko nafasi ya 18, wa kwanza kati ya watatu wanaoshuka.

*Kiwango kinafahamika?* Inategemea kosa. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ikiwekwa chini ya usimamizi wa kisheria kwa kushindwa kulipa madeni inakatwa pointi 9. Kwenye madaraja matatu ya chini yake ni 12. Portsmouth ilikatwa 9 Machi 2010, na sijui mtu aliyelalamika kwamba namba imebuniwa. Kwa kosa la hasara hapakuwa na namba. Ligi ilipendekeza kanuni ya pointi 6 za kuanzia na moja kwa kila pauni milioni 5 zilizozidi, tume ikaikataa, ikakadiria 10, rufaa ikasema 6. Namba ikishuka hivyo ndani ya takriban miezi mitatu, shabiki anajifunza kwamba adhabu ni ya kujadiliana. Hapo ndipo karatasi za waridi zinapopata nguvu.

Hapa kwetu sura ya kawaida ya adhabu hii ni ushindi wa mezani, ambao unachukua pointi kwa mmoja na kumpa mwingine. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 kwenye uwanja wake wa Kaitaba. Simba ikalalamikia kadi za njano za beki wa Kagera, Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia uendeshaji wa ligi, ikaipa pointi tatu, kisha kamati nyingine ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikabatilisha. Ligi ikaisha Yanga na Simba zote zina pointi 68, Yanga bingwa kwa tofauti ya mabao. Ubingwa mzima ulikuwa umekaa kwenye faili moja la kadi. Kwa upande wa fidia, ushindi wa mezani ni bora: aliyeumizwa anajulikana na analipwa papo hapo. Ubaya wake ni kwamba kosa la karani linafuta jasho la dakika 90.

Kupokwa pointi kunafaa pale klabu ilipopata faida uwanjani kwa kuvunja kanuni, na kesi inaweza kwisha kabla ya msimu kufika nusu ya pili.

Kufungiwa kusajili

*Inamgusa nani.* Inamgusa kocha, na inagusa uongozi mahali unapojivunia. Chelsea ilifungiwa na FIFA Februari 2019 kwa kusajili watoto wa kigeni kinyume cha kanuni, ikapoteza dirisha la usajili la kiangazi. Frank Lampard akawapanga Mason Mount, Tammy Abraham, Reece James na Fikayo Tomori, akamaliza nafasi ya nne. Adhabu iliyofungua mlango kwa vijana wa akademia haikumwonea asiye na hatia.

*Inafika lini.* Klabu yenye mawakili inaweza kuisukuma mbele. Barcelona ilihukumiwa Aprili 2014, ikakata rufaa, adhabu ikasimamishwa, na kiangazi hichohicho ikamnunua Luis Suárez. Ilipoanza kutumikia kifungo mwaka 2015, kikosi kilikuwa kimeshajaa na kikabeba makombe matatu.

*Aliyeumizwa anapata nini.* Kama kosa ni deni, anapata haki yake kamili, kwa sababu kifungo kinaondolewa akishalipwa. Wachezaji na makocha walioondoka kwenye klabu zetu bila stahiki zao wameshalipwa kwa njia hii, mara nyingine siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Kama kosa si deni, wapinzani hawapati kitu cha moja kwa moja.

*Kiwango kinafahamika?* Ndiyo. Kinahesabiwa kwa madirisha, kila mtu anaelewa.

Inafaa kwa madeni ya mishahara na kwa makosa ya usajili wenyewe. Kwa klabu ndogo isiyosajili ila vijana wa mtaani haina meno.

Kushushwa daraja

*Inamgusa nani.* Wote, pamoja na mama ntilie wa nje ya uwanja. Ndiyo maana isitolewe peke yake bila majina ya watu. Mwaka 2006 Juventus ilipokutwa na kesi ya kupanga waamuzi, ilivuliwa mataji mawili na kupelekwa Serie B, daraja la pili, ikianza na hasi iliyotoka 30, ikawa 17, ikaishia 9. Luciano Moggi, aliyekuwa mkurugenzi, alifungiwa miaka mitano na baadaye maisha. Fabio Cannavaro na Zlatan Ibrahimovic waliondoka. Alessandro Del Piero, Gianluigi Buffon na Pavel Nedved walibaki wakacheza kwenye viwanja vya Serie B, wakapanda tena mwisho wa msimu huo.

*Inafika lini.* Ni lazima kati ya misimu miwili, kwa hiyo kesi inakimbizwa. Kukimbizwa huko kunaleta makosa ya ushahidi.

*Aliyeumizwa anapata nini.* Anapata nafasi. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza hapa Tanzania, Geita Gold ilishinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa, na Polisi Tabora 7-0 dhidi ya JKT Oljoro, zote zikikimbizana na tofauti ya mabao ili zipande. TFF ikazishusha zote nne kwa upangaji matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Msimu uliofuata Mbao ikafika fainali ya Kombe la FA. Timu iliyokuwa imedhulumiwa ilipata kile kile ilichodhulumiwa, na kwa wakati. Katika mifano yote niliyoitaja, sioni mwingine uliofaulu kipimo cha tatu hivi.

*Kiwango kinafahamika?* Kwa upangaji matokeo, ndiyo. Ukiitumia kwa makosa mengine unafungua mlango wa kuonea.

Kwa hali yako

Unaandika kanuni za ligi ya wilaya na klabu zako hazina kitu: punguza faini, kwa sababu italipwa na mchango wa wachezaji. Weka jedwali la pointi lililoandikwa namba kabla ya mechi ya kwanza, na sharti kwamba shauri lolote la msimu huu liamuliwe kabla ya mzunguko wa pili kwisha.

Unashughulikia kosa lililogunduliwa baada ya msimu kufungwa: kabla hujakata pointi za msimu mpya, tafuta aliyeshuka au aliyekosa nafasi kwa sababu ya kosa lile, na uangalie kama kanuni zako zinaruhusu alipwe fidia na klabu iliyokosa. Kukata pointi kunaweza kufuata baada ya hapo.

Klabu imebadili wamiliki: gawa kosa. Adhabu ya mtu iwafuate waliotenda hata kama wameshahama, na ya klabu ibaki kwa kiasi cha faida ambayo bado iko mikononi mwake, kwa mfano mchezaji ambaye bado anacheza. Wakifutiwa kabisa, kila mkosaji atauza klabu wiki moja kabla ya hukumu.

Klabu inadaiwa mishahara: ifungie kusajili, kwa sababu pointi ukizikata hazitamlipa mchezaji kodi ya nyumba. Matokeo yamepangwa: shusha daraja, na utaje watu kwa majina.

Wewe ni shabiki wa timu iliyoadhibiwa: soma hukumu uangalie kipimo cha nne kwanza. Kama namba ilikuwa kwenye kanuni kabla ya msimu, hasira yako ipeleke kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa viongozi wako. Kama haikuwepo, una hoja ya rufaa.

Na kama wewe ni katibu, tunza daftari lako mwenyewe la kadi, na jina la mwamuzi na tarehe. Kila mechi mwombe kamisaa nakala ya ripoti kabla hamjaondoka uwanjani, hasa ugenini. Malalamiko yapeleke ndani ya muda, ada uilipe siku hiyohiyo, na risiti uibandike kwenye ukurasa wa mechi. Pale 2017 Simba ilipokwama kwenye kamati ya pili, mjadala haukuwa kadi peke yake: ulikuwa pia muda wa kuwasilisha malalamiko na ada yake.